Namba Moja, Watoto Wawili

Dafrosa alishuka Ulyankulu Jumanne mchana, nywele zimepakwa vumbi rangi ya matofali, mikononi amebeba kompyuta aliyoiviringisha blanketi kama mtoto mchanga. Alikuwa amekuja kurekebisha kazi ya mikono yake mwenyewe, na hilo lilimkera kuliko mashimo yote ya barabara aliyoyapita tangu asubuhi.

Miaka miwili nyuma ndiye aliyezifungia mitambo zahanati tatu za kanisa: ya Tabora mjini, ya Ulyankulu na ya Igunga. Wakati ule alikuwa na haraka ya mtu aliyepata kazi kubwa kwa mara ya kwanza. Tabora aliweka seva, kompyuta moja yenye nguvu inayotunza kumbukumbu za wagonjwa. Ya Ulyankulu akaielekeza huko huko Tabora: muuguzi akitafuta jina la mgonjwa, ombi linasafiri kwa mtandao hadi mjini, jibu linarudi. Zahanati ya Igunga haikuwa na mtandao bado, kwa hiyo aliiwekea kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu, yake peke yake ndani ya kompyuta, akaituma kompyuta hiyo kwa basi, akawaambia waendelee hivyo, wataunganishwa na wenzao siku ya siku.

Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Ulyankulu ukageuka adhabu. Mnara wa simu ukikosa umeme, au mvua ikinyesha kwa hasira, kompyuta ya zahanati inakuwa pambo la mezani. Haina kumbukumbu hata moja ndani yake. Zote ziko Tabora. Muuguzi Mektilda, aliyezaliwa pale pale Ulyankulu na wazazi waliokuja kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, na ambaye amewapokea duniani nusu ya vijana wa vijiji vile, alikuwa na namna yake ya kulalamika. Hakupandisha sauti. Alipiga simu tu na kusema, "Dafrosa mwanangu, chombo chako kimelala tena. Nina watu arobaini kwenye benchi. Niwaambie nini?"

Murtaza ndiye aliyelisema lile ambalo Dafrosa hakutaka kujisemea. Murtaza aliuza vifaa vya kompyuta katika duka la marehemu baba yake mjini Tabora, na kwa miaka mitano alikuwa amemwachia Dafrosa meza moja upande wa dirishani afanyie kazi zake. Siku moja, baada ya simu ya tatu ya Mektilda katika wiki moja, alishusha miwani yake akasema:

"Wale watu umewawekea chumvi kwa jirani. Wakitaka kupika, mpaka jirani awe amefungua mlango."

Dafrosa alichukua karatasi akaanza kuchora upya.

Mpango mpya ulikuwa na sehemu tatu. Kwanza, kompyuta ya Ulyankulu ingepata kanzidata yake yenyewe, nakala kamili ya kumbukumbu zote, na programu ya muuguzi ingesoma na kuandika humo humo, mtandao uwepo usiwepo. Pili, seva ya Tabora ingefunguliwa mlango mmoja tu, wenye jina na neno la siri, ambao kompyuta za Ulyankulu na Igunga ndizo pekee zingeruhusiwa kuupita. Tatu, kungekuwa na programu ndogo ambayo Dafrosa aliipa jina la mjumbe. Mtandao ukipatikana, mjumbe angebeba yaliyoandikwa Ulyankulu na Igunga kuyapeleka Tabora, kisha angerudi na yaliyoandikwa kwingine. Na ikitokea kadi moja ya mgonjwa imeandikwa mahali pawili, mjumbe angeitunza ile yenye tarehe ya karibuni na kuifuta ya zamani. Kanuni hiyo Dafrosa aliiandika kwa mstari mmoja, akaridhika nayo.

Jumanne ile alifanya kazi bila kupumzika mpaka jua likaanza kuegemea miombo. Aliwabuni wagonjwa kumi, akawapa majina ya shangazi zake na maradhi ya ajabu ajabu, akawaandika huku waya wa mtandao ameuchomoa. Kompyuta haikulalamika hata kidogo. Akachomeka waya, akasubiri dakika moja, akampigia Murtaza, ambaye alikuwa amekubali kwenda kukaa mbele ya seva mjini.

"Wamefika wote kumi," alisema Murtaza. "Ila shangazi yako mmoja ana miaka themanini na ana surua. Mpe pole."

Dafrosa alicheka mpaka Mektilda akachungulia mlangoni kuuliza kulikoni. Kabla ya kwenda kulala alinakili kumbukumbu zote, kama zilivyokuwa kabla ya kuguswa na mjumbe, kwenye flashi ndogo, akaitia mfukoni. Ilikuwa desturi tu, kama mtu anavyojaribu kitasa cha mlango alioufunga mwenyewe.

Jumatano saa mbili asubuhi aliziunganisha zahanati zote tatu. Igunga sasa walikuwa na mtandao, na karani wao, Justus, alifuata maelekezo ya simu hatua kwa hatua. Mjumbe alianza kukimbia. Dafrosa aliketi kwenye kona ya chumba cha tabibu, kompyuta yake mapajani, akitazama namba za kadi zilizobebwa zikipanda.

Mektilda hakuwepo chumbani. Alfajiri alikuwa ameitwa wodi ya wazazi kwa mama aliyeanza uchungu, na bado alikuwa huko. Aliyekuwa mezani ni Gerson, tabibu aliyehamishiwa pale mwezi mmoja uliopita. Alikuwa mchapakazi na mwepesi wa kupenda vitu vipya, na kompyuta ile iliyojibu papo hapo ilimfurahisha kama mtu aliyebadilishiwa jembe butu.

"Dada Dafrosa, hii sasa ndiyo kompyuta," alisema. "Sijamaliza kuandika namba, kadi imeshafunguka."

Dafrosa alitabasamu. Aliwaona wagonjwa wa mwanzo wakiingia na kutoka: kijana aliyejikata panga mguuni, bibi wa kifua, mama mmoja aliyembeba mgongoni mtoto wa kike mwenye sikio linalotoa usaha. Watu wa Ulyankulu hawazidishi maneno mbele ya daktari. Yule mama alisema kitu kwa sauti ya chini, Gerson akageuka kutazama kioo, akatikisa kichwa, akaandika dawa. Dafrosa hakusikia walichosema. Alikuwa anatazama namba zake.

Mnamo saa tano kasoro robo aliingia mzee Tobias, mkulima wa tumbaku mwenye shinikizo la damu, aliyekuwa akija kila mwezi kupimwa. Gerson aliandika namba yake, akainama kusoma, kisha akaanza kucheka.

"Mzee, kompyuta inasema una ujauzito wa miezi saba."

Mlango ulikuwa wazi. Benchi zima la nje likaangua kicheko. Mzee Tobias hakutetereka.

"Basi mniitie Mektilda," alisema, "kwa kuwa leo naona yuko kwenye kazi hiyo hiyo."

Kila mtu alicheka isipokuwa Dafrosa. Yeye aliweka kompyuta yake chini, akasogea mezani.

"Namba yake ngapi?"

"Mia nane na sita."

Alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akampigia Justus wa Igunga.

"Justus, nisomee jina la mgonjwa wako namba mia nane na sita."

"Ngoja kidogo." Kulisikika vidole vikigonga. "Levina. Mjamzito, miezi saba. Kuna nini, dada?"

"Mgonjwa wako wa kwanza kabisa, yule mliyeanza naye miaka miwili iliyopita, ana namba ngapi?"

"Hamsini."

Dafrosa aliikumbuka vizuri simu yao ya miaka miwili iliyopita, kwa sababu alikuwa ameipiga akiwa stendi, mabasi yakipiga honi pande zote. Alikuwa amemwambia Justus aanze kuhesabu wagonjwa wa Igunga kutoka elfu hamsini, ili namba zao zisije kugongana na za Tabora na Ulyankulu zilizoanzia moja. Justus alikuwa amejibu "sawa, nimekuelewa", na Dafrosa hakwenda kuangalia. Hakuangalia wakati ule, wala jana, wala asubuhi ile. Aliwapima shangazi zake kumi wa kubuni, akawaacha watu halisi.

"Ulisema hamsini," alisema Justus, na sauti yake sasa ilikuwa na wasiwasi. "Niliiandika hata ukutani."

"Si kosa lako. Nisikilize. Chomoa waya wa mtandao sasa hivi. Usiifungue kadi yoyote ya zamani leo, tumia makaratasi. Nitakupigia."

Alirudi ndani, akauchomoa na wa kwake, akampigia Murtaza aufunge ule mlango wa seva na kuwaambia watu wa Tabora watumie makaratasi. Yote hayo hayakuchukua dakika tano. Lakini mjumbe alikuwa amekimbia kwa karibu saa tatu nzima. Zaidi ya watu elfu moja wa Igunga walikuwa na namba zile zile za watu elfu moja wa huku, na kila zilipogongana, ile kanuni ya mstari mmoja ilikuwa imefuta kadi moja na kubakiza nyingine.

Gerson alikuwa ameacha kucheka. "Dada, lakini mtu akiona jina si lenyewe, si atajua tu? Kama mzee Tobias."

"Na kama majina yanafanana?"

Walitazamana. Dafrosa aliitoa flashi mfukoni, akaifungua kwenye kompyuta yake, akamwomba Gerson amsomee namba za wote aliowaona tangu saa mbili. Walikuwa tisa. Saba walikuwa na namba kubwa kuliko zile za Igunga, hawakuguswa. Wa nane alikuwa Tobias. Wa tisa alikuwa namba elfu moja mia moja themanini na saba, Kulwa, wa kike, miaka mitano.

Kwenye kioo cha Gerson alikuwepo Kulwa, wa kike, miaka mitano. Aliandikwa malaria mara mbili, na minyoo. Sehemu ya mzio ilikuwa tupu.

Kwenye flashi alikuwepo Kulwa mwingine, binti wa Kabula, wa kijiji cha pili kutoka pale. Kwa nini majina yasifanane? Kwa Wasukuma na Wanyamwezi kila pacha wa kwanza ni Kulwa, na Igunga mapacha hawahesabiki. Chini ya jina la Kulwa huyu Mektilda alikuwa ameandika, mwaka jana: *Mzio wa penisilini. Alivimba uso na midomo, akapumua kwa shida. Asipewe tena, wala dawa za jamii yake.*

"Ulimpa nini?" aliuliza Dafrosa.

Gerson alikuwa amekwisha kusimama. "Amoksilini. Ya maji."

Amoksilini ni ndugu wa damu wa penisilini. Hilo hata Dafrosa, ambaye si mtu wa dawa, alilijua. Walikimbia mpaka wodi ya wazazi. Mektilda alitoka akijifuta mikono, mtoto mchanga akilia nyuma yake, akasikiliza maneno matatu tu ya Gerson.

"Ilikuwa ya unga, ya kuchanganya na maji nyumbani?"

"Ndiyo."

"Basi atachemsha kwanza maji yapoe. Na kutoka hapa kwenda kwao kwa miguu ni saa nzima na zaidi. Nenda na pikipiki. Chukua sindano ya adrenalini kwenye boksi jekundu, ukimkuta amevimba umchome."

"Tumpigie simu?" aliuliza Dafrosa.

Mektilda alitikisa kichwa. "Namba tuliyonayo ni ya shemeji yake. Alihamia Urambo."

Gerson aliendesha, Dafrosa akapanda nyuma na boksi jekundu kifuani. Hakuna aliyemwambia aende. Alipanda tu. Njia ilipita katikati ya mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa, ikaingia miombo, ikatoka tena kwenye nyumba za matofali zilizoezekwa nyasi. Pikipiki ilirukaruka kwenye mizizi. Dafrosa alijaribu kuhesabu: saa mbili na nusu yule mama aliondoka, saa tatu na dakika arobaini yuko nyumbani, kukoka moto, kuchemsha, kusubiri yapoe. Kila alipomaliza hesabu aliianza upya, na kila mara ilitoa jibu jingine.

"Aliniambia," alisema Gerson ghafla, akipaza sauti kuushinda mlio wa injini.

"Nani?"

"Yule mama. Aliniambia kuna dawa mtoto wake haiwezi. Nikatazama kwenye kompyuta. Nikamwambia hakuna kitu kama hicho hapa."

Walikuwa wamefika kwenye daraja dogo la magogo, juu ya kijito kilichokauka, walipomwona mwanamke akija upande wao kwa mwendo wa haraka wa mtu mwenye shauri lake. Mgongoni alikuwa na mtoto ndani ya kitenge, na mkononi ameshika chupa ndogo ya kahawia. Gerson alizima pikipiki kabla haijasimama sawasawa.

"Mama Kulwa! Umeshampa?"

Kabula alisimama. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akalitazama lile boksi jekundu.

"Sijampa," alisema.

Dafrosa alishuka, akakaa pale pale kwenye gogo la daraja. Kulwa alichungulia juu ya bega la mama yake, pamba nyeupe sikioni, akamtazama mwanamke huyo mgeni kwa makini kana kwamba mgonjwa ni yeye.

"Mwangaluka, mayu," Dafrosa alimsalimu, kwa Kinyamwezi cha nyumbani kwa mama yake.

"Mwangaluka." Kabula aliinua ile chupa. "Nilipofungua kifuniko nikasikia harufu yake. Kusoma sijui, lakini harufu hii naijua. Ni tamu kama peremende. Mwaka jana nilimpa kijiko kimoja, uso ukavimba mpaka macho yakapotea, nikambeba usiku kucha nikilia. Nitaisahauje?" Alimgeukia Gerson. Haikuwa na hasira sauti yake, na labda ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi. "Nilikwambia, daktari. Ukatazama kile kioo, ukasema hapana."

"Uliniambia, mama," alisema Gerson. "Nilikosa. Nisamehe."

"Nilikuwa narudi nikwambie tena."

Dafrosa alisimama. Angeweza kunyamaza, Gerson alikuwa amekwisha kuomba radhi, na mama yule hakumjua yeye ni nani.

"Mama, kile kioo ni kazi yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekiunganisha leo asubuhi na zahanati za mbali. Nimefanya vibaya. Kadi ya mtoto wako ilifutwa, ikawekwa ya Kulwa mwingine, wa Igunga. Daktari alisoma nilichomwekea."

Kabula alifikiri kidogo.

"Huyo wa Igunga naye ni mzima?"

"Mzima."

"Haya. Ashukuriwe Mungu." Akamtikisa mtoto mgongoni kumweka vizuri. "Sasa sikio je? Bado linauma."

Gerson alimkalisha Kulwa kwenye tangi la pikipiki mbele yake, Kabula na Dafrosa wakarudi kwa miguu. Njiani walizungumza habari za kawaida: mvua, bei ya mbolea, pacha Doto aliyeachwa kwa bibi yake kwa sababu hakubali kutembea, kisima kipya cha shule. Walipofika zahanati, Mektilda alikuwa amemsafisha Kulwa sikio na kumtafutia dawa nyingine isiyo ya ukoo ule. Mama wa alfajiri alikuwa amelala, na mtoto wake wa kiume amefungwa kwenye khanga ya manjano.

Mchana Dafrosa alimpigia mratibu wa zahanati zote tatu, mzee Octavian, ofisini kwake mjini. Alimwambia kila kitu kwa mpangilio, tangu simu ya stendi hadi daraja la magogo. Octavian alikuwa mtu mwema aliyechoshwa na vikao.

"Tushukuru hakuna aliyeumia," alisema. "Kwenye taarifa tutaandika kwamba mtandao ulisumbua. Watu wa kamati wanauelewa mtandao."

"Mtandao leo ulikuwa mzima kuliko siku zote, mzee. Ndiyo maana kosa lilifika haraka."

"Au basi yule karani wa Igunga. Si ndiye aliyekosea namba?"

"Justus aliandika alichokisikia. Kazi ya kwenda kuangalia ilikuwa yangu, na sikwenda. Naomba iandikwe hivyo."

"Unajua wanaweza kukuondoa?" aliuliza Octavian.

"Najua."

Alipokata simu alikuta Mektilda amesimama nyuma yake, ameshika sahani ya ugali na mlenda. Aliiweka sahani mezani na kumwambia anawe.

Siku mbili zilizofuata walikaa pamoja. Dafrosa alirudisha kumbukumbu zote kutoka kwenye flashi, na Justus akafanya vivyo hivyo kwa nakala ya Igunga aliyokuwa ameitunza kabla ya kuunganishwa, mpaka kila Kulwa akarudi kwenye kadi yake na mzee Tobias akaacha kuwa mjamzito. Kisha kila namba ikapewa herufi ya mahali pake mbele: T kwa Tabora, U kwa Ulyankulu, I kwa Igunga, na kompyuta ikakatazwa kupokea namba isiyo na herufi. Ile kanuni ya mstari mmoja aliifuta kabisa. Mjumbe hakuruhusiwa tena kuchagua kati ya kadi mbili zinazotofautiana. Aliamriwa aziweke zote kando, zimsubiri mtu.

"Mtu gani?" aliuliza Mektilda.

"Wewe. Ukiziona mbili, utaamua wewe."

"Na hii sehemu ya mzio?"

"Hakuna mashine itakayoifuta. Hata mimi siwezi, bila neno lako la siri."

Mektilda aliitazama kompyuta kwa muda mrefu. Miaka miwili alikuwa ameivumilia kama mgeni asiyeaga. Akavuta kiti, akakaa.

"Ongeza kitu kingine," alisema. "Mwanzoni kabisa, kabla kadi haijafunguka. Weka nafasi tabibu aandike mzazi amesema nini. Asipoandika, kadi isifunguke."

Gerson, aliyekuwa anapanga dawa kabatini, aligeuka. "Kila mgonjwa?"

"Kila mgonjwa," alisema Mektilda. "Ukiona inakuchelewesha, ujue inafanya kazi."

Jumamosi Dafrosa alirudi Tabora, akalala usiku mmoja tu, akapanda basi la Igunga. Justus alimpokea stendi kwa heshima ya mtu anayesubiri kukaripiwa. Alikuwa mkubwa kuliko alivyomdhania kwenye simu, ana mvi kidevuni, Dafrosa akajikuta anamwamkia shikamoo. Justus alimpeleka ofisini, akamwonyesha ukutani, kwa kalamu ya wino mwekundu: *Anza 50*. Dafrosa alikaa mbele ya kompyuta, akafungua kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazisoma zote kwa macho yake mwenyewe hadi mchana ukaisha, na kesho yake akamalizia. Walipomaliza, Justus alichukua kitambaa chenye maji akausugua ule ukuta, lakini wino haukutoka wote.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Walimwita Dafrosa, wakamwita na Gerson. Kuliulizwa maswali makali, na mwanakamati mmoja alitaka kompyuta zote zitolewe, watu warudi kwenye madaftari. Aliyemzuia ni Mektilda, ambaye hakuwa mjumbe wa kamati lakini alikuwa amepanda lori la mahindi asubuhi ile kuja kuketi nyuma ya ukumbi. Alisema madaftari nayo yamewahi kuliwa na mchwa, na kwamba yeye anamtaka fundi aliyekubali kosa kuliko fundi ambaye hajakosea bado. Mwishowe waliamua Dafrosa aendelee, kwa sharti kwamba hakuna zahanati itakayounganishwa na nyingine mpaka muuguzi wa pale ameona na kuweka sahihi. Gerson alipewa onyo la maandishi. Aliliweka ndani ya droo ya meza yake, juu kabisa, mahali ambapo angeliona kila akitafuta kalamu.

Mvua za Januari iliyofuata zilikuja na radi. Mnara wa Ulyankulu ulipigwa Jumapili, na kwa siku nne hakuna simu iliyoingia wala kutoka. Dafrosa alishinda kwenye meza yake dukani kwa Murtaza akijifanya anatengeneza printa ya mtu. Kila saa alitazama kama mjumbe amefika. Siku ya pili Murtaza alimwambia aende nyumbani akapumzike. Siku ya tatu akaacha kumwambia, akawa anamletea chai ya tangawizi ambayo mkewe aliituma kutoka nyumbani.

Alhamisi baada ya saa sita mchana, mstari wa kijani ulitokea kwenye kioo. Kisha wa pili. Kisha ikawa kama bomba lililofunguliwa: kadi mia moja sitini na nane, kila moja na herufi U mbele yake, kila moja na mstari wa juu uliojazwa. *Mama anasema homa ilianza Jumatatu. Bibi anasema mtoto hali chakula. Mgonjwa mwenyewe anasema hajawahi kuchomwa sindano.* Watu mia moja sitini na wanane walikuwa wametibiwa siku nne ambazo Tabora haikujua kama Ulyankulu ipo.

Murtaza alivuta kiti chake karibu, akaweka miwani, wakasoma pamoja. Kadi mbili zilikuwa zimewekwa kando zimsubiri mtu.

Simu ya Dafrosa ililia.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya Mektilda ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilisikika. "Umeziona?"

"Nimeziona. Zimefika zote."

"Zile mbili za kando nimeshazitazama. Moja ni mtu na mdogo wake, wamechanganywa. Nyingine sijaijua bado, nimemwagiza mwenyewe aje kesho tuulizane." Kulisikika mtoto akilia kwa mbali, na Gerson akimbembeleza. "Huku tuko salama. Wewe umekula leo?"

Dafrosa alikitazama kikombe cha chai kilichopoa mbele yake.

"Bado," alisema. "Sasa nakwenda."